Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tiketi yangu iliandikwa Bukoba

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mama muuza vitenge hapa Mwanza. Kwetu ni Kagera. Nakuandikia kuhusu safari ya ndege ya dakika arobaini, Mwanza hadi Bukoba.

Ukikata moja kwa moja juu ya ziwa, toka uwanja wa Mwanza hadi wa Bukoba ni kilomita kama 175. Ndege ya pangaboi haijatulia angani, tayari mnaambiwa mfunge mikanda. Kwa barabara ni kuzunguka: Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, zaidi ya kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, na tunashukuru, ila Bukoba imebaki pale pale.

Novemba iliyopita, senene wakiwa ndio wanaanza kuanguka, nilifiwa na mama mdogo. Maziko yalipangwa saa kumi jioni, nyumbani kibanjani, kwenye migomba. Tuliruka saa nne asubuhi. Kufika juu ya Bukoba, wingu limeziba kila kitu. Tukazunguka, tukazunguka tena, kisha rubani akatangaza kwamba tunarudi Mwanza.

Hakuna aliyenung'unika, Mheshimiwa. Watu wa Kagera hatujaisahau Jumapili ile ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipokuja kutua ikaishia ziwani, watu 19 wakafa uwanja ukiwa pale mbele yao, na wavuvi ndio waliotangulia kuokoa. Njia yetu ya kurukia ni fupi na ncha yake moja iko ukingoni mwa maji. Rubani akisema tunarudi, mimi nampigia makofi.

Balaa lilitukuta chini. Dirishani tuliambiwa tiketi zetu ziko salama, tuje kesho. Kesho saa ngapi? Itategemea hali ya hewa. Na leo je? Binti wa watu akabaki anatazama kompyuta yake. Tukachangishana watu wanne tusiojuana, tukakodi Noah, tukaondoka saa saba mchana. Nilifika saa mbili usiku. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, wajukuu wanaota moto.

Ombi langu ni kanuni moja tu: ndege ikirudishwa na hali ya hewa, abiria apewe gari siku hiyo hiyo, na anayechagua kusubiri apewe malazi. Iandikwe kwenye tiketi kwa Kiswahili, tena kwa herufi zinazosomeka bila miwani ya kuazima. Najua kampuni zitasema mvua ni ya Mungu. Kweli, lakini mvua ya Bukoba si mgeni. Inajulikana hata na anayepanga nauli. Nililipa nauli ya kufika Bukoba, siyo ya kwenda kuitazama Bukoba kwa juu na kurudi.

Halafu kuna hili, na kwangu ndilo kubwa. Siku ile nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akimsihi mhudumu, "Mwambie ajaribu mara moja tu." Hakuwa mjinga yule mzee, naye alikuwa anawahi msiba. Angejua kwamba gari linamsubiri Mwanza, asingemwomba rubani abahatishe.

Begi langu lilikuja na ndege ya siku ya tatu. Msibani nilikaa na kitenge cha kuazima, mimi muuza vitenge.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama Muuza Vitenge, Mwanza