Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Arusha: Dakika 40 zisiishie kwenye kunakili

Ndugu Afisa Elimu,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa Kemia katika shule ya kutwa pembezoni mwa jiji. Ninaomba shule zetu ziruhusiwe kujaribu utaratibu ambao mwanafunzi husikiliza maelezo ya somo kwa video kabla ya kipindi, na kipindi chenyewe kikabaki kuwa cha kukokotoa, kuuliza na kusahihishwa.

Utaratibu huu ulivumishwa na walimu wawili wa Kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, ambao mwaka 2007, huko Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Waliona kwamba mwanafunzi humhitaji mwalimu zaidi pale anapokwama.

Kwetu, anapokwama mwalimu hayupo. Katika mada ya moli, yaani kizio cha kupimia kiasi cha dutu, Kidato cha Tatu, dakika 40 za kipindi huishia kwenye kanuni na swali moja ubaoni. Kengele ikilia maswali mengine huenda nyumbani, na kesho yake madaftari ya darasa zima huja na jibu moja, likiwa na kosa lile lile la kusahau kugawa kwa masi ya moli.

Najua utauliza kuhusu simu, ambazo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni. Sizitetei. Walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, na programu kama Kolibri husambaza masomo kutoka kompyuta moja kwa waifai ya ndani, bila bando. Video ya dakika 10 inaweza kutazamwa kwa vikundi jioni, kabla ya wanafunzi kuondoka, kwa kuwa nyumbani wengi wanasubiriwa na kazi, na umeme wetu unaujua. Ningependa warekodi walimu wetu wenyewe: anayehangaika na Kiingereza hasaidiwi na mgeni anayezungumza kwa kasi, hata michoro yake ikipendeza namna gani.

Tunachohitaji kwako ni waraka unaoeleza bayana kuwa wanafunzi wanaweza kutumia vishikwambi hivyo chini ya usimamizi, maana wakuu wa shule wanaogopa kubanwa kimoja kikivunjika. Walimu watakaorekodi wapunguziwe vipindi pia. Dakika 10 zinazoeleweka hula jioni nzima. Shule chache na mada moja zinatosha kuanzia, kisha tulinganishe majaribio ya mwisho wa mada na shule zilizoendelea kama kawaida.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kemia, Arusha