Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda: mifuko yenu na vilivyomo

Wanangu wa vijiweni, salamu.

Nawaandikia kuhusu vile vitu mnavyotembea navyo kutwa nzima: pete aliyoacha mama, picha ya marehemu, tasbihi au rozari, simu, pochi, funguo. Karani wa ofisini akitia kitu mfukoni amekitunza. Mfuko wa dereva wa boda ni jasho, mvua, vumbi na mtetemo tangu alfajiri. Chenye kazi barabarani kibebeni. Cha kumbukumbu tu, ambacho hakina wa pili, kiacheni nyumbani, na wazee wenu hawatanuna.

Nianze na pete, maana hiyo inaweza kuondoka na kidole. Ukiruka toka juu ya lori la mzigo, au ukianguka na pete ikanasa kwenye ndoano, uzito wote wa mwili unabaki kwenye kidole kimoja na ngozi inavuliwa kama soksi. Kama lazima uwe nayo, ivae shingoni chini ya shati, kwa uzi mwembamba wa pamba unaokatika ukivutwa. Cheni ya chuma haikatiki, na shingo ni moja.

Kidole kikivimba na pete ikagoma kutoka, msiivute kwa nguvu. Inueni mkono juu ya usawa wa moyo dakika chache, mwagieni maji baridi, pakeni sabuni. Ikigoma bado, chukueni uzi wa kushonea. Ncha moja ipitisheni chini ya pete ielekee kiganjani, kisha zungusheni uzi uliobaki kwa kubana, mizunguko ikigusana, kuanzia kwenye pete hadi kuvuka kiungo cha kidole. Sasa shikeni ile ncha ya upande wa kiganja mwanze kuufungua uzi kuelekea ukuchani. Uzi umeshaubana uvimbe, na pete itatembea kadiri uzi unavyofunguka. Kidole kilichovunjika, chenye jeraha, kilichogeuka rangi au kilichokufa ganzi msikichezee kwa uzi. Nendeni hospitali pete ikakatwe. Sonara ataiunga.

Pete ya fedha yenye chapa ya 925 ina asilimia 92.5 ya fedha halisi, iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Weusi unaoiingia unatokana na salfa, na raba ina salfa, kwa hiyo pete iliyofungiwa pamoja na noti kwa mpira inawahi kuchakaa rangi. Kuisafisha: tandikeni karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, pete iiguse, mwagieni kikombe kimoja cha maji ya moto na kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kuokea. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Mkisikia harufu ya yai bovu, ndiyo salfa inatoka. Pete yenye lulu, marijani au feruzi isiingie humo kabisa. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ikae mbali na fedha. Inaitia weusi zaidi.

Picha ndizo zinazoniuma. Picha ya studio ikikaa kwenye mfuko wa plastiki wa pochi, jasho linaigandisha na plastiki, na mwenye haraka akiivuta sura nzima inabaki kwenye plastiki. Ikishaganda msiibandue: ipigeni picha kwa simu ikiwa hapo hapo, halafu mpelekeeni fundi wa studio. Iliyo salama bado itoleeni nakala ya studio mtembee nayo, kwa sababu nakala za printa ya wino nyingi zinachuruzika zikilowa. Halisi iwekeni kwenye bahasha ya karatasi, pakavu.

Funguo za nyumba, kufuli na duka mnazining'iniza zote kwenye swichi ya pikipiki. Uzito ule ukitikisika kila siku unakula matumbo ya swichi, na siku moja injini inazima katikati ya barabara ukiwa na abiria. Ufunguo wa pikipiki ukae peke yake.

Simu nayo. Mwaka 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zikifungwa kwenye usukani. Injini zenu ni ndogo, lakini kishikio kiwe na mpira wa kupunguza mtetemo. (Ile ya kubana simu ndani ya kofia ngumu mkiongea na mteja siizungumzii, mnajua wenyewe.) Laini iwekeeni PIN, maana mwizi wa simu anatafuta laini ya pesa. Mkikosea PIN mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kuifungua laini iliyojifunga, ya tarakimu 8. Mkikosea PUK mara 10 laini imekufa. Iandikeni PUK kwenye daftari la nyumbani, sio kwenye simu hiyo hiyo. Sauti na picha za wapendwa zilizomo humo zihamishieni kwenye simu ya pili.

La mwisho, kijikaratasi. Jina, namba mbili za ndugu, dawa mnazotumia na dawa zinazowadhuru. Tumieni kalamu ya kawaida ya wino mzito. Ya jeli inaweza kufutika na maji. Kifungeni kwa nailoni, kikae mfuko wa shati, kwa sababu anayewaokota barabarani hawezi kufungua simu iliyofungwa.