Mheshimiwa Waziri, na wapagazi je?

Kwako Waziri wa Mambo ya Nje,

Shikamoo Mheshimiwa. Tangu Rais Steinmeier aje Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yale ya Majimaji, naona maongezi na Wajerumani yanaenda, mafuvu, mabaki ya mababu, sawa kabisa. Ila kuna watu sisikii wakitajwa, wapagazi wa Lettow, yule kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki.

Ulaya Vita Kuu ya Kwanza iliisha tarehe 11 Novemba 1918, huku Lettow bado anapigana, yuko Kasama, Zambia ya leo, habari ikamfikia siku mbili tatu baadaye na silaha akaja kuzikabidhi Mbala tarehe 25, enzi hizo Abercorn. Basi siku hiyo askari weusi zaidi ya 1,100 wanaweka bunduki chini mbele ya Mwingereza, na bunduki zenyewe nyingi za kuteka, za huyohuyo Mwingereza na za Mreno, bombomu, yaani bunduki za rashasha, 37 zimehesabiwa, mzinga mmoja, Wazungu 155. Nyuma yao wapagazi zaidi ya 1,500 na wanawake na watoto, watu waliobeba zile risasi kichwani porini Msumbiji mpaka huko, wao hawana cha kukabidhi, wametua mzigo basi.

Askari walipewa hati za mshahara wanaodai, wakapelekwa kambini Tabora, wakangoja mpaka 1964 ndio Bonn, serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kuna wazee walifika hawana hati, wakashikishwa fagio wakapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani, aliyezikumbuka akalipwa. Mpagazi angepewa mtihani gani Mheshimiwa, abebeshwe kreti la soda?

Mimi mtu wa Tabora, kwenye ukoo wetu yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Mdachi hakurudi, kaburi hatulijui, tunalo jina tu, tunarithishana. Askari wa Mwingereza wana sanamu pale Posta Dar, wapagazi wake, wale wa Carrier Corps, angalau wameiachia Kariakoo jina. Wa Mdachi hata gulio hawana.

Mimi siombi hela kwanza. Ukikaa nao tena waulize orodha za wapagazi, Mjerumani anaandika kila kitu, bombomu alizijua idadi yake. Zikiwepo zije Tabora tusome majina wenyewe. Kama hawakuwaandika, basi watupe barua inayosema hawakuwaandika, na muhuri juu.

Wako,
Mjukuu wa mpagazi, Tabora