Hanang nao ni mlima, tusiupite tu na basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niuongelee mlima wetu wa Hanang kule mkoa wa Manyara, maana kiukweli habari za Kilimanjaro na Meru tunazisoma kila siku ila huu wetu unatajwa tu pale watu wanapokumbuka ile Jumapili ya tarehe 3 Disemba 2023, mvua ilinyesha, sehemu ya mlima ikamomonyoka, tope na mawe na magogo yakashuka Gendabi, Jorodom mpaka Katesh mjini, tukapoteza watu zaidi ya 80. Hatujasahau. Lakini toka siku ile kuna watu wanaogopa hata kuutazama, na hilo linaniuma sana.

Mi nimeupanda mara tatu. Mwezi wa nane mwaka jana nilienda na wadogo zangu wawili, tukaanza saa kumi na moja alfajiri na tochi. Kwanza mashamba, halafu msitu, baada ya msitu ndo shughuli yenyewe inaanza, unapanda kwa mikono na miguu, vumbi linateleza, mawe yanabiringika, na juu hamna maji kwa hiyo kila mtu abebe yake, sisi tulibeba lita nne nne na zikaisha. Unafika juu unashangilia kumbe bado, kilele chenyewe kiko kule mbele, unatembea juu ya mgongo mwembamba wa mlima unapanda unashuka, huku bonde huku bonde, ukungu ukija humwoni hata mwenzako. Mdogo wangu wa mwisho alikaa chini akasema basi. Tukamsubiri, tukampa ndizi, akainuka. Saa sita hivi tukawa kileleni, mita 3,420, ukungu ukafunguka tukaliona Ziwa Balangida kule chini kingo zote nyeupe kwa chumvi. Yule aliyetaka kurudi ndo aligoma kushuka.

Sasa ombi langu. Pale kwenye mgongo hatukuona kibao hata kimoja, tusingekuwa na kijana wa Jorodom anayeijua njia tungepotea kabisa. Wahusika wekeni vibao, tena vya Kiswahili, na vingine vionyeshe makorongo ya kukaa nayo mbali mvua ikianza. Na nyie mnaopenda kupanda milima, basi la Babati kwenda Singida linapita hapo hapo Katesh kwenye lami, shukeni. Njooni kiangazi, masika hapana. Chukueni kijana wa pale pale mumlipe vizuri, kuna familia bado zinajijenga upya toka lile tope. Na mjue kwa Wabarbaig, wafugaji wa huko, huo ni mlima mtakatifu, msiache chupa zenu juu.

Mi narudi mwezi wa saba, safari hii na mama, yeye ataishia pale msitu unapoanza. Ameomba mwenyewe.

Mzaliwa wa Katesh,
Dodoma