Kwa wanafunzi wa uzamili wa famasia: msianzie dukani

Wanangu,

Wengi wenu mnataka kupima ubora wa dawa zinazouzwa mitaani, na amoksisilini ndiyo mnayoikimbilia kwa kuwa haikosekani dukani. Chaguo si baya. Ubaya ni kurudi na mfuko wa kapsuli, ndipo muulizane mtazipimaje.

Anzeni na mbinu. Mliyoitunga au kuibadilisha inadai angalau viwango vitano vya mkolezo na vipimo tisa vya usahihi. Ya famakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) isiyobadilishwa hudai machache, ila sindano sita za mmumunyo mmoja ndani ya HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima dawa, zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 2.

Panapoumiza ni hesabu. Miligramu 500 za kwenye pakiti ni za amoksisilini isiyo na maji, lakini ndani ya kapsuli mna trihaidreti, yaani amoksisilini iliyoshikana na maji, karibu miligramu 574. Uzito wa molekuli ni 365.4 kwa 419.4. Ukipima trihaidreti ya rejea (dawa safi ya kulinganishia) ukaihesabu kana kwamba haina maji, kapsuli yenye asilimia 87 tu itasomeka 100. Dawa mbovu imepita, na grafu yako inapendeza! Kwa hiyo someni cheti cha dawa rejea: nguvu yake imeandikwa kwa msingi upi? Chupa ikitoka kwenye friji, ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo unga utavuta unyevu.

Bafa ya fosfeti, mmumunyo wa chumvi unaopitishwa kwenye HPLC, ipimwe pH kabla ya kuchanganywa na metanoli. Jioni usizime HPLC ukaondoka. Chumvi itaganda ndani ya kolamu, bomba linalotenganisha dawa. Pitisha kwanza maji yenye asilimia 10 ya metanoli, nusu saa hivi, ndipo metanoli nyingi. Ukirukia metanoli tupu, chumvi hujitenga humohumo na presha hupanda. Kolamu ni ghali, na kusubiri nyingine kutoka ng'ambo kunamaliza muhula.

Sasa nendeni dukani. Kupima kiasi cha dawa kunahitaji kapsuli 20 za toleo moja, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Kipimo cha myeyuko, yaani dawa inavyoyeyuka kutoka kwenye kapsuli, huanza na 6, lakini hatua ya kwanza ikishindwa unaweza kufika 24. Hizo ni 44 bila akiba, hivyo kununua kumi kumi kila duka ni kujidanganya. Andikeni namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na msizitoe kwenye bliste. Zilizohesabiwa kutoka kopo lisilo na namba zisichanganywe na nyingine. Na zisisafirishwe kwenye buti la gari juani.

Toleo likishindwa, rudieni kwa mmumunyo mpya. Amoksisilini huharibika majini, na wa jana haufai. Majibu yote mawili yaandikwe, hata lile msilolipenda. Likishindwa tena, mwambieni msimamizi, na namba ya toleo ifike TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wiki hiyohiyo. Msingoje tasnifu ipitishwe, maana kapsuli hizo bado zinauzwa.

Mzee wenu wa maabara