Fedha za uvuvi zisiishie kwenye boti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu fedha ambazo Serikali imekuwa ikizielekeza katika sekta ya uvuvi, hasa mikopo ya boti. Naandika nikiwa mkazi wa Kigoma, mkoa unaojulikana nchi nzima kwa dagaa wake, na naamini jambo hili halipaswi kuachiwa wataalamu na wanasiasa peke yao.

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jijini Mwanza, Januari 2024, ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba, wengi wetu tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Mvuvi ambaye mali yake yote ni mtumbwi na nyavu hakopesheki kirahisi benki, na mara nyingi hulazimika kukopa kwa mfanyabiashara anayetaka alipwe kwa samaki, tena kwa bei anayoipanga mwenyewe. Kwa hiyo sipingi hata kidogo fedha za umma kwenda kwa wavuvi. Hoja yangu ni kwamba boti na injini zinapaswa kuja baada ya kujiridhisha kuwa samaki wapo wa kutosha, na baada ya kuwalinda watu wanaoishi kwa samaki hao.

Mwaka 2024 nchi yetu ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa kufuata makubaliano na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili dagaa, migebuka na samaki wengine wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Naiunga mkono hatua hiyo. Watafiti wameeleza kwa zaidi ya miaka 20 kwamba maji ya juu ya ziwa hili yanapozidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya kilindini yenye rutuba, na matokeo yake chakula cha samaki hupungua hata kama idadi ya wavuvi haijaongezeka. Hali hiyo haitibiki kwa injini yenye nguvu zaidi, kwa sababu injini humwahisha tu mvuvi kwa samaki wachache waliobaki.

Lakini ziwa likipumzishwa, nani anabeba gharama? Vijana wanaoingia majini usiku hulipwa kwa mgawo wa kilichopatikana, na usiku usio na uvuvi hauna malipo. Nyuma yao wapo kina mama wanaonunua dagaa mwaloni, wakawakausha na kuwauza, wapo wabeba mizigo, mama lishe na wachuuzi wanaosafirisha magunia hadi mikoa ya mbali. Hawa wote wanachangia uhai wa ziwa kwa kukosa kipato kwa miezi mitatu, na sielewi kwa nini mchango huo usihesabiwe kuwa ndiyo sehemu ya kwanza ya uvuvi inayostahili kuungwa mkono na hazina ya taifa. Aidha, mkopo wa boti una marejesho, na mwenye deni huwa na kila sababu ya kuvua zaidi, kuvua mapema na kuvua mahali pasiporuhusiwa. Mkataba wa mkopo uandike wazi kwamba marejesho yanasimama ziwa linapofungwa.

Yaliyotokea Kanada yanafaa kukumbukwa. Baada ya nchi hiyo kujitangazia ukanda wa uvuvi wa maili 200 mwaka 1977, fedha za serikali zilisaidia kuongeza meli na viwanda vya samaki huko Newfoundland. Julai 1992 serikali hiyohiyo ililazimika kupiga marufuku uvuvi wa chewa wa kaskazini, kwa kuwa walikuwa wamekaribia kwisha; makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi, na fedha nyingi mno zikatumika kuwasaidia.

Dunia nayo imeanza kulitambua jambo hili. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2018 serikali mbalimbali zilitoa ruzuku ya uvuvi ya dola bilioni 35.4 za Marekani, na bilioni 22.2 kati ya hizo zilikuwa za aina inayoongeza uwezo wa kuvua. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani uliopitishwa Geneva Juni 2022, ulioanza kutumika Septemba 2025, unazuia ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Mkataba huo unahusu bahari tu. Maziwa yetu hayamo, na ulinzi wake unabaki mikononi mwetu na majirani zetu.

Naelewa kwamba bahari kuu ni suala tofauti. Huko meli za kigeni ndizo zinazovua jodari kwa leseni, na mtu anayetaka Watanzania nao wawe na vyombo vya kufika mbali ana hoja nzito. Ziwani hali si hiyo, na fungu moja la fedha lisigawanywe kwa kipimo kimoja kila mahali.

Ipo pia njia ya kuongeza kipato bila kuongeza hata wavu mmoja. Dagaa anayeanikwa juu ya mchanga hupoteza bei, na mvua ikinyesha anaweza kuoza kabisa. Vichanja, mitambo ya kukaushia, barafu na vyumba vya ubaridi kwenye mialo vingefanya samaki yuleyule aliyekwisha vuliwa alipe zaidi, na fedha hizo zingewafikia kina mama ambao mikopo ya boti huwapita.

Ombi langu kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi ni kwamba, kabla bajeti ijayo haijasomwa bungeni Dodoma, itangaze kwa kila ziwa tathmini ya karibuni ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kuhusu wingi wa samaki, pamoja na idadi ya boti zilizokopeshwa huko na kiasi kilichotengwa kwa wavuvi na wachakataji kwa kipindi ambacho uvuvi umesimamishwa.

Wako mtiifu,
Msomaji wako,
Kigoma