Jumamosi tunajenga ukumbi wa Waviking kwa Lego

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi hii tukutane saa 8 mchana hadi saa 11, chumba cha chini cha maktaba hapa Oslo, siyo nyumbani kwangu kama tulivyopanga. Kule kuna meza ndefu.

Tunafuata jumba la chifu wa Waviking (mabaharia wa kale wa Skandinavia) la Borg, visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norway. Lilikuwa na urefu wa mita 83, kwa hiyo tutajenga ukumbi wa karamu peke yake, upande mmoja bila ukuta ili watoto waone ndani: moto katikati, mabenchi pembeni, kiti cha chifu, watu wanakula na kucheka, mbwa anaguguna mfupa chini ya meza. Kofia za pembe msilete jamani, Waviking hawakuzivaa vitani.

1. Matofali ya Lego ya kahawia na kijani: kila familia ilete iliyo nayo.
2. Vipande vya rangi ya chungwa vinavyopitisha mwanga, kwa ajili ya moto. Nani anavyo?
3. Mchango ni krona 100 kwa familia (vibao vya chini na vitafunio), mwisho Alhamisi usiku.

Tafadhali andika "Tupo" na idadi ya watoto kabla ya Alhamisi. Asanteni sana.